Shajara ya kuhamia Kampala: kutoka Muscat mpaka Bunga

Wiki 3 kabla ya safari, Muscat

Nimeamua safari hii naandika. Miaka 9 iliyopita tulivyotoka Tanga kuja Oman sikuandika kitu, na leo mtu akiniuliza nilizoeaje, nilianzaje, nani alinionyesha duka la kwanza, sikumbuki hata nusu. Sasa Baba Nasra kapata kazi Kampala, watoto ni wawili, Nasra ana miaka 11 na Idris 7, na mimi ndo msimamizi wa mradi wote huu kuanzia maboksi mpaka shule. Kwahiyo daftari hili hapa.

Mzigo unaondoka kwanza. Tumechangia konteina na watu wengine, inatokea bandari ya Sohar mana konteina za Muscat zilihamishiwa huko tangu 2014, inashuka Mombasa, halafu barabara mpaka Kampala, zaidi ya kilomita 1,100 za lori. Wakala kaniambia niandike kila boksi lina nini kwa majina, sio "vyombo" tu, andika sufuria 6, sahani 18, kwa sababu mtu anayehama makazi vitu vyake vilivyotumika havitozwi ushuru kama kitu kipya, ila lazima ionekane kweli ni vyako na vinakufuata wewe. Nimeandika maboksi 41, siku tatu. Boksi namba 17 ni mbuzi yangu ya kukunia nazi, ile ya marehemu bibi, imetoka Tanga ikaja Muscat na sasa inarudi Afrika. Nimeizungushia kanga mbili.

Gari tumeuza, usukani wake upo kushoto na Uganda wanaendesha upande ule ule wa kwetu. Friji na mashine ya kufulia vinakwenda, plagi ni zile zile za pini tatu bapa na umeme ni ule ule wa 240. Chanjo ya homa ya manjano tumechoma mapema, inatakiwa ipite siku 10 kabla hujaingia na Entebbe wanaangalia kadi.

Wiki ya 1

Tumefika. Tumepita Dubai, watoto wamelala njia nzima, saa tumerudisha nyuma moja. Kutoka uwanjani Entebbe dereva akatupitisha ile barabara mpya ya kulipia, shilingi 5,000 pale getini, ikatutoa Munyonyo moja kwa moja bila kuingia mjini. Idris kauliza mbona kila kitu kijani. Na kweli, ukitoka Muscat mwezi wa 8, joto lile la digrii arobaini na kitu, milima mitupu ya mawe, halafu unafungua kioo cha gari unapata ubaridi na harufu ya udongo uliolowa, mimi nilinyamaza tu nikavuta hewa.

Tumekaa gesti kwa muda. Laini za simu tumepata siku ya pili, wanataka pasi na wanakupiga picha pale pale, halafu MoMo, yaani pesa ya kwenye simu, ikafunguliwa hapo hapo. Hii MoMo ndo pochi ya watu hapa, mpaka mama wa nyanya ana namba yake.

Sasa nataka niandike jambo lililoniuma, mana nisipoliandika sasa nitalipunguza baadaye. Siku ya nne nimeenda soko la Ggaba, pale ziwani, nimemkuta mama ana samaki wazuri, sato wakubwa wanang'aa. Nikamwambia vizuri tu kama ningesema Tanga, "Habari za asubuhi mama, sato bei gani?" Yule mama akaniangalia, akageuza uso kwa mwenzake, wakasemezana Kiganda, halafu akanijibu bei kwa Kiingereza bila kuniangalia tena. Nilinunua, nikaondoka nimepoa kabisa. Kijana wa boda aliyenirudisha aliwahi kufanya kazi Nairobi, Kiswahili anakijua, nikamuuliza nimekosea nini. Akasema, "Nnyabo," ndo mama kwa Kiganda, "hujakosea. Hapa Kiswahili watu wamekisikia kwa majeshi na polisi, na kwa wezi. Mtu mzima ukimwanzia Kiswahili anashtuka kwanza."

Nimekaa na hilo neno siku nzima. Muscat, ng'ambo ya bahari, nchi ya Waarabu, samaki wangu nilinunua Mutrah kwa mzee anayeongea Kiswahili cha Unguja safi kuliko changu mimi, jirani wa juu Kiswahili, mwalimu wa madrasa Kiswahili, kuna Waomani wengi tu wazee wao walitoka Zanzibar na lugha wameishika. Miaka 9 sikujiona mgeni wa maneno. Nimekuja Uganda, Jumuiya moja, naweza kupanda basi nikafika kwetu, ndo naambiwa lugha yangu inashtua watu.

Baba Nasra ananiambia katiba yao ilibadilishwa 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na 2022 baraza la mawaziri likapitisha tena kifundishwe mashuleni. Sawa, nimesikia. Lakini mimi mradi wangu upo sokoni.

Wiki ya 2 na ya 3: nyumba

Nyumba tumeangalia 9. Dalali hapa wanamwita broka, na anakulipisha hela ya kukuonyesha hata kama nyumba hujaipenda, kwahiyo kabla hujapanda naye boda muulize anachaji kwa nyumba au kwa siku. Tulikubaliana kwa siku. Kansanga nyumba zilikuwa nzuri ila kelele za usiku, Muyenga juu bei imetushinda, tukapata Bunga, vyumba vitatu, ukuta mmoja na shamba dogo la migomba la jirani. 1,200,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi mitatu mbele pamoja na depoziti ya mwezi mmoja. Tukalipa benki, risiti ninayo.

Kabla ya kuhamia mwenye nyumba akatupeleka kwa mwenyekiti wa LC1, huyu ni kama mjumbe wetu wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa kwa pamoja. Nilidhani ni heshima tu, kumbe barua yake unaihitaji kila mahali, benki wanaiulizia, shule iliiulizia, na shida ikitokea usiku yeye ndo anapigiwa. Mzee mpole, akaandika majina yetu kwenye kitabu chake kikubwa mmoja mmoja, akauliza na ya watoto, akagonga muhuri.

Halafu Yaka. Yaka ndo umeme wa kununua kama LUKU yetu, tokeni tarakimu 20 unabonyeza kwenye mita. Usiku wa kwanza nimenunua wa 50,000 nimekaa pale chini ya mita na tochi ya simu, nabonyeza, uniti zilizoingia ni chache mno. Nikanunua tena wa 20,000, uniti kiduchu. Nikarudia kuusoma ujumbe polepole, ndo nikaona sehemu ya hela imekatwa kulipia deni. Aliyekaa kabla yetu aliacha deni kwenye mita, na deni linakaa na mita, halimfuati mtu. Nikapiga picha ile ujumbe na namba ya mita, asubuhi nikampelekea mwenye nyumba, na namshukuru hakubisha, alilipa lote na pesa yangu akaikata kwenye kodi. Anayekuja nyuma yangu asikilize hapa: kabla hujalipa hata shilingi ya nyumba, nunua umeme wa 5,000 ukiwa umesimama na mwenye nyumba, msome ujumbe pamoja. Pia ununuzi wa kwanza wa kila mwezi wanakata hela ya huduma, hiyo ni kawaida usishtuke.

Wiki ya 4: salamu

Jirani wa migomba ni bibi wa miaka kama 70, watoto wote wa mtaani wanamwita Jjajja, ndo bibi kwa Kiganda, na sisi tunamwita hivyo hivyo. Wiki nzima nilikuwa nampungia mkono kama nilivyozoea fleti ya Muscat, watu wanapishana kwenye lifti kila mtu na simu yake. Haitikii. Anainamisha kichwa kidogo anaendelea na jembe lake.

Jumamosi nikamuona msichana wa nyumba ya tatu, mkubwa tu wa sekondari na yunifomu yake, akafika kwa Jjajja akapiga magoti kwenye nyasi, wakaanza. Wasuze otya nno nnyabo, yaani umeamkaje mama. Bulungi, vizuri. Mmm. Eee. Mmm. Habari za nyumbani, habari za watoto, habari za kazi, sauti inashuka polepole mpaka imeisha yenyewe, ndo akainuka akasema alichotumwa. Nilisimama kwenye kibaraza changu machozi yananilenga, mana ile ndo Tanga. Bibi yangu usingemwambia kitu kabla hujamaliza salamu, na ukipita bila kusimama anauliza yule mtoto wa nani.

Kumbe nilichopoteza sio Kiswahili. Nilikuwa nafika kwa watu na swali la bei mkononi, salamu ya neno moja, nimezoea haraka. Kesho yake nikajifunga kanga nikaenda mpaka kwenye migomba, nikasimama kabisa, nikamwambia "Wasuze otya nno, Jjajja." Akaacha jembe. Akanijibu, akaniuliza, mimi maneno yakaniishia nikawa naitikia mmm tu, akanishika mkono na mkono wake ule wenye udongo hakuuachia mpaka tumemaliza. Nilirudi na mkungu mdogo wa matooke.

Nasra kaanzisha daftari la kurasa mbili mbili, Kiswahili huku, Kiganda huku. Maji ni amazzi. Nyama ennyama. Nyumba ennyumba. Kuku enkoko. Leo leero. Mgeni omugenyi. Mengine yanadanganya, okutunda ni kuuza, hakuna tunda lolote pale, na kale kwao maana yake ni sawa, haya, basi, unalisikia mara mia kwa siku. Kilichomfurahisha zaidi ni saa. Wanahesabu kama sisi, ssaawa emu ni saa moja ile ile ya jua likichomoza, ssaawa bbiri saa mbili. Muscat watoto walikuwa na saa mbili kichwani, ya shule na ya mama.

Soko la Ggaba nimerudi. Yule yule mama wa samaki. Nimeanza na salamu mpaka mwisho, nikauliza ssente mmeka, yaani shilingi ngapi, nikasema salako, yaani punguza. Kapunguza 2,000. Na nimejifunza sato anaitwa ngege, sangara ni mputa, dagaa mukene.

Wiki ya 5: shule

Hapa mwaka wa shule unaanza Februari, Oman ni Septemba, kwahiyo tumeangukia muhula wa tatu, mwaka unakaribia kuisha. Nasra kamaliza gredi ya 5 kule, shule ikampa mtihani wa hesabu na Kiingereza, wakamuweka P5, yaani darasa la tano, amalizie muhula huu halafu Februari aingie P6. Alilia, anaona karudishwa. Mwalimu akanieleza kwa utulivu kwamba P7 kuna PLE, mtihani wa taifa, na mtoto akiingia P6 bila msingi wa sayansi na masomo ya jamii ya Uganda atateseka miaka miwili. Nimemuelewa. Nimemwambia Nasra ukweli ule ule bila kumpamba, usiku tukasoma pamoja mito na milima ya Uganda.

Idris P2, hana neno, kashapata rafiki.

Pamoja na ada kuna orodha ya vitu vya kupeleka, toilet pepa kadhaa, fagio, rimu za karatasi, sabuni. Nunua jumla, rejareja wiki ya kufungua shule bei inapanda. Shule inaanza mapema sana, gari linapita saa kumi na mbili na nusu, ndo kwanza kunakucha.

Ijumaa ni siku ya kazi, hili bado sijalizoea. Oman Ijumaa na Jumamosi ndo wikiendi. Baba Nasra anaomba ruhusa mchana anawahi Kibuli, ule msikiti wa kilimani, anarudi ofisini.

Wiki ya 6

Malaria. Idris. Jumatano kaamka kichwa kinamuuma, mchana homa, nikampeleka kupima hapo hapo sikungoja, ikaonekana. Dawa ya siku tatu, mara mbili kwa siku, lazima ale kitu chenye mafuta kidogo na amalize zote hata akipata nafuu. Oman tumekaa miaka 9 hatujui malaria, mwili wa mtoto hauijui kabisa, kwahiyo wenzangu mnaotoka huko msijipe masaa ya kuangalia angalia, homa yoyote kapime. Neti tulikuwa nayo ila alikuwa anaitoa usiku kwa joto. Sasa naichomeka mwenyewe chini ya godoro.

Jjajja kaja mara mbili kwa siku. Hakai sana, anaweka mkono kwenye paji la uso la mtoto, anasema "bambi", anaondoka. Neno hili ni kama pole na maskini na mpenzi wangu kwa pamoja.

Wiki ya 8: mzigo

Umefika!! Wiki mbili ulikaa Mombasa, karatasi moja jina la Baba Nasra liliandikwa tofauti na kwenye pasi, herufi moja tu, na hiyo herufi ndo siku zote zile. Kagueni majina kabla mzigo haujaondoka, kila karatasi, na pasi mkononi. Ukiachiwa Mombasa unapigwa lakiri ya kielektroniki kwenye lori, unafuatiliwa njia nzima, ukavuka Malaba, Kampala wakafungua wakahesabu na ile orodha yangu. Afisa alisoma "sahani 18" akahesabu 18. Zile siku tatu za kuandika zimenilipa zote.

Maboksi 40 mazima. Boksi 17 limekandamizwa. Mbuzi imepasuka mguu na kibao kimechanika katikati, kile chuma chenye meno kipo salama. Niliikalia chini hapo sebuleni kwenye maboksi sikufungua jingine kwa nusu saa. Bibi alikaa kwenye kile kibao asubuhi zote za Ramadhani ninazozikumbuka, katikati kumelika kwa kukaliwa.

Kwenye barabara ya Ggaba kuna mafundi wa fanicha wamepanga vitanda na makochi pembeni ya njia. Nilibeba vipande nikaenda, salamu kwanza, nikamuonyesha fundi mmoja mzee. Hajawahi kuiona mbuzi maishani. Nikakaa chini kwenye vumbi la mbao nikamuonyesha mtu anavyokaa, mguu huku na mguu huku, nazi inavyozungushwa kwenye meno. Akaigeuza geuza, akapitisha kidole kwenye pale palipolika, akasema hiki hatukitupi. Kile kibao akakishona kwa vigingi vya mbao bila msumari, mguu akachonga mpya wa muvule, ndo mvule wetu ule ule, jina lile lile. Siku nne, 35,000. Ile sehemu iliyolika hakuigusa na randa.

Wiki ya 10

Nazi zipo Kampala ila zinatoka mbali na bei yake si ya Tanga, nimepata tatu soko la Nakasero. Jumapili nikakuna mwenyewe, tui la kwanza na la pili, wali, na ngege wa yule mama wangu wa Ggaba nikampaka nazi na ukwaju. Nikamuita Jjajja.

Kala taratibu. Watoto wakawa wanaongea Kiswahili wao kwa wao kama kawaida, nikawaambia kwa sauti ya chini waongee Kiingereza, mgeni yupo. Jjajja akainua mkono. Akasema, kwa Kiswahili, "Waache. Mimi nasikia."

Wiki zote hizi. Anasikia kila kitu tunachosemeshana kwenye uwa.

Akatueleza, nusu Kiganda nusu Kiswahili, Baba Nasra anasaidia na Kiingereza. Alikuwa binti wakati wa Amin. Kiswahili alichojifunza ni maneno ya barabarani usiku. Simama. Toa kitambulisho. Fungua mlango. Aliyataja kwa sauti ile ile waliyoitumia na Idris akasogea kwangu. Halafu 1979, mwezi wa nne, Kampala ilipotekwa, wakaja wanajeshi wengine kutoka kwetu Tanzania, watu waliwaita bakombozi, na mmoja akasimama mlangoni kwa mama yake, na bunduki yake mgongoni, akasema, "Mama, naomba maji." Mama yake hakujua Kiswahili ila maji alisikia amazzi, akampa. Jjajja anasema alishangaa lugha ile ile inaweza kuomba.

Akaniambia siku ile ya kwanza nilivyompungia mkono na kusema "mambo Jjajja", mwili wake ulikumbuka kabla kichwa hakijakumbuka. Hakuwa na neno na mimi. Nikamwambia nisamehe. Akasema "kale", akaongeza wali.

Mwanzoni nilijionea huruma mimi kwamba Kiswahili changu kimekataliwa. Sikuwa nimejiuliza kilifika hapa mdomoni mwa nani.

Hali ya mradi mpaka leo: hati ya utegemezi yangu na ya Nasra zimetoka, ya Idris bado, wanasema picha irudiwe. Waya wa mbu dirisha la jiko haujafungwa. Maboksi 6 hayajafunguliwa, ni vitabu. Luganda yangu inafika salamu, soko, boda na kuuliza njia, kwenye mkutano wa wazazi nilipotea dakika ya tatu. Nasra kapata 71 masomo ya jamii.

Jjajja wakati anaondoka kaisimamia mbuzi pale mlangoni akaiangalia, akaniambia samaki wa jana alikuwa wa barafu, nimeuziwa, asubuhi tutakwenda wote Ggaba boti zikiingia atanichagulia. Ssaawa emu, kasema. Nimeshaweka kikapu mlangoni.